Maji ya Kumwaga

Binti yangu alizaliwa Januari 2012 nikiwa baharini. Hilo analijua tangu akiwa mdogo, kwa sababu mamake hulitaja kila tukikosana. Juzi amekuja na daftari mezani, stima imepotea kama kawaida yetu huku Gatuanyaga, taa ya sola inamulika upande mmoja wa uso wake, akaniambia mwalimu amewatuma wamhoji mtu wa kijijini kuhusu kazi aliyoifanya zamani. Wenzake wamewahoji wachimba mawe, waliofanya kazi kwa mashamba ya mananasi, mzee mmoja aliyekuwa akikata mkonge. Yeye ana baba aliyekuwa baharia wa meli ya kivita, na nyumba yetu iko karibu kilomita mia tano kutoka baharini. Aliona ana hadithi ya kuwapiku wote.

Maswali yalikuwa kumi. Nikajibu vizuri mpaka la saba: "Ni jambo gani ulilolifanya kazini ambalo unalijutia?"

Nikamwambia najutia kwamba sikuwepo siku aliyozaliwa. Akatabasamu, akaandika, tukaendelea na la nane. Ni kweli najutia hilo. Lakini si jibu la lile swali. Jibu lenyewe nimekaa nalo zaidi ya miaka kumi, na hata mamake sijawahi kumwambia.

Wacha nianze na maji, kwa sababu huku kila kitu kinaanza na maji.

Gatuanyaga iko kati ya mito miwili, na bado ni pakavu. Upande mmoja kuna Mto Thika, upande mwingine Mto Athi, na katikati sisi na vumbi letu. Mvua ikikatika, mahindi hukauka yakiwa bado kiunoni. Nikiwa mtoto, mama alikuwa akienda Athi na punda wa jirani, mitungi minne, na kurudi kwake kulitegemea huyo punda ameamkaje. Maji ya Athi yanakuja yamepitia Nairobi. Ukifika pale Fourteen Falls utaona povu jeupe, watalii wanapiga picha, na sisi tulikuwa tunalisukuma kando kwa mkono ndio tuchote. Mama aliyaacha yatulie usiku kucha, akayapitisha kwa kitambaa, akayachemsha. Ukimwaga kikombe kimoja nyumbani kwetu, hukuchapwa. Ulikuwa unaangaliwa tu. Afadhali kuchapwa.

Kitu ambacho sikujua wakati huo ni mahali maji hayo yanakoenda. Athi ikishuka kule chini inaitwa Galana, kisha Sabaki, na inaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mto Thika nao unaingia Tana, na Tana inamwaga maji yake Kipini, karibu na Lamu. Kwa hiyo mito yetu yote miwili ilinitangulia kule nilikokuja kufanya kazi. Jeshi la Wanamaji lina hata meli mbili zinazoitwa KNS Tana na KNS Galana. Mara ya kwanza kuzisikia jina nilicheka peke yangu, maana ni kama kumkuta jirani yako wa kijijini amevaa sare.

Niliandikwa 1998, baada ya kukimbia miguu mitupu uwanjani pamoja na vijana mamia. Nikafunzwa Eldoret, kisha nikapelekwa Mtongwe, Mombasa. Nilivuka feri ya Likoni nikiwa nimeshika chuma kwa mikono miwili, na watoto wa shule wa pale wananicheka. Bahari sikuwa nimewahi kuiona ila kwa kalenda. Kuogelea nilijifunza kwa kumeza chumvi. Wenzangu wa Pwani walipojua natoka Thika wakaniita Nanasi, na jina hilo nikastaafu nalo. Katika jeshi letu hata baharini vyeo ni koplo na sajini kama vya nchi kavu, lakini mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa Koplo Nanasi.

Sasa, ule mwaka.

Mwaka wa 2011 ulikuwa wa ukame mkubwa, Afrika Mashariki nzima. Hapa kwetu punda walikufa. Mama alikuwa akinunua maji kwa mtungi, na kila mwisho wa mwezi nikituma pesa kwa simu, najua nusu yake inanunua kitu ambacho kinapaswa kuanguka bure kutoka mbinguni. Septemba mwaka huo watalii wakaanza kutekwa nyara upande wa Lamu. Kwanza Kiwayu, ambako mume wa mama mmoja Mwingereza aliuawa, kisha mwanzo wa Oktoba mama mwingine Mfaransa akachukuliwa kisiwani Manda. Tarehe 16 Oktoba wanajeshi wetu wakavuka mpaka kuingia Somalia. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimwambia ni wiki chache tu.

Meli yangu sitaitaja, na mambo ya kazi nitayaacha ya kazi. Lakini watu hunidhania tulikuwa tunapiga mizinga asubuhi hadi jioni, kwa hiyo acha niseme mwaka ule ulikuwaje hasa. Ulikuwa wa kwenda na kurudi. Kutoka Manda, kupita Kiwayu, kupita Kiunga, hadi Ras Kamboni na mbele yake, halafu kugeuka. Zamu ya saa nne, mapumziko ya saa nane, tena zamu ya saa nne. Unaamka saa nane usiku, unapanda darajani, unaangalia giza kwa darubini na nukta kwenye rada. Nukta nyingi ni wavuvi. Nyingine ni majahazi ya mizigo. Mwaka huo maharamia wa Kisomali walikuwa bado wanakamata meli kubwa na kudai mamilioni, na kutoka Februari 2012 Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku makaa ya Somalia, kwa vile pesa yake ilikuwa ikiwafikia Al-Shabaab. Kwa hiyo kila nukta ilikuwa swali. Unaikaribia, unaiita kwa redio, haijibu, unateremsha mashua ya mpira, unaenda kuiangalia kwa macho.

Na wakati mwingi unapata ni samaki tu.

Maji ya kunywa melini tunatengeneza wenyewe. Kuna mtambo unaovuta maji ya bahari na kuyachuja chumvi, na ukiharibika kila mtu anakuwa mpole. Kuoga ni kulowa, kufunga, kupaka sabuni, kufungua, kusuuza, kufunga. Vijana kutoka mjini walikuwa wananung'unika. Mimi nilikuwa bingwa. Sajini wetu alikuwa akisema, "Mwangalieni Nanasi, huyu anaweza kuoga na mate." Nilikuwa najisikia vizuri kwa hilo. Nilijiona mtu anayeijua thamani ya maji kuliko wote mle ndani.

Binti yangu alizaliwa wakati wa kaskazi, bahari imetulia kama sahani. Habari niliipata siku nne baadaye tulipokaribia Manda na simu ikashika mtandao. Meseji kumi na moja ziliingia pamoja, na ya mwisho ilisema tu, "Msichana. Kilo tatu. Mama mzima. Wewe uko?" Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye tezi, na mpishi akaninunulia soda.

Kisha Aprili kusi likaanza. Mtu wa bara akisikia kusi anadhani ni upepo tu. Kusi ni miezi mitano ya bahari kukuambia hukualikwa. Inavuma kutoka kusini, mkondo nao unakwenda kaskazini, vyote viwili vinakusukuma upande mmoja, kuelekea Somalia. Meli inapanda, inasimama kidogo kama inafikiria, halafu inaanguka, na kila kitu kisichofungwa kinatembea. Nilitapika mpaka nikawa natapika kwa mazoea, bila hasira. Wavuvi wengi miezi hiyo hawatoki mbali. Anayetoka amebanwa na njaa.

Na ilikuwa vigumu kwao zaidi mwaka huo, maana baada ya utekaji nyara kuvua usiku Lamu kulikuwa kumepigwa marufuku. Mvuvi mmoja wa Faza aliniambia pale jetini Manda, bila chuki, kwamba kuna samaki hawavuliki mchana. Nikamwitikia kwa kichwa. Mimi samaki niliomjua ni tilapia wa sokoni Thika.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa Agosti 2012, asubuhi mapema, tuko kaskazini mwa Kiunga. Nukta moja, haitembei, haijibu. Imekaa upande usiofaa saa isiyofaa. Tukateremsha mashua, tulikuwa watu sita, mimi wa pili kupanda. Siku hizo tulikuwa tumeambiwa tuwe macho sana, kila mtu alihisi kuna jambo kubwa linakuja, na mimi sikuwa nimelala vizuri kwa wiki. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa mashua ya mbao, injini imekufa, tanga limeraruka katikati. Watu wanne: mzee, wanaume wawili, na kijana wa kama miaka kumi na minne. Walikuwa wameinua mikono kabla hatujasema. Mzee akasema wametoka kisiwa cha Pate, injini ikazima, kusi likawabeba, hii ni siku ya tatu. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ina rangi ya jivu. Ukiwa umekulia kwetu, hiyo rangi unaijua.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia vyombo. Nyavu, mishipi, sanduku la barafu lisilo na barafu, samaki wachache wameanza kunuka. Na kwenye ngama, chini ya gunia, mtungi. Mtungi wa njano wa lita ishirini, sawasawa na ile ya mama. Ulikuwa na kitu kama robo. Nikafungua, nikanusa. Sikusikia harufu ya petroli, lakini pua yangu ilikuwa imejaa dizeli ya kwetu. Nikautikisa. Nikasikia kitu kinagonga ndani, au nilidhani nimesikia.

Ningeweza kuomba kikombe. Ningeweza kutia kidole nikaonja. Hakuna aliyeniamuru. Sajini alikuwa amenipa mgongo anazungumza na mzee. Niliuinamisha ule mtungi na kuumwaga wote pale pale juu ya mbao, nione kuna nini chini.

Kilikuwa kijiwe. Kijiwe kidogo cheupe, watu wa pwani wanajua wenyewe kwa nini wanakitia. Na maji yalikuwa maji. Yalipita katikati ya vidole vya miguu vya yule kijana, yakaingia ngamani, yakachanganyika na maji ya chumvi na damu ya samaki. Kijana alipiga magoti akajaribu kuyakinga na viganja. Halafu akaacha, kwa sababu aliona ninamwangalia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alinigeukia, akaniangalia vile mama alivyokuwa akituangalia. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Bara, mzee. Upande wa Thika."

"Huko kuna mai mangi ya kumwaga?"

Mai. Watu wa Lamu na Pate hawasemi maji, wanasema mai. Sisi kwa Kikuyu tunasema maaĩ. Karibu neno lilelile. Nilikuwa nimesikia Kiswahili cha huko kwa miezi kumi na halikuwa limewahi kunigusa, lakini asubuhi ile, kutoka kinywa cha yule mzee, lilikuwa neno la nyumbani kabisa. Ni kama mama ndiye aliyeniuliza.

Nikasema, "Hapana, mzee."

Ni hayo tu niliyosema.

Sajini aliona, akanitazama mara moja, hakunisema mbele ya watu. Akaita meli kwa redio, wakaletewa mitungi miwili ya maji, mikate, na fundi akaja kuangalia ile injini. Ilikuwa ni chujio la mafuta tu, likawaka kabla ya saa sita. Mzee alikunywa maji yetu, akayazungusha mdomoni, akamwambia mwenzake kwamba hayana ladha. Ni kweli, maji ya mtambo hayana ladha ya kitu chochote. Tukawasindikiza kidogo kuelekea kusini, wakapunga mikono. Yule kijana hakupunga. Kwenye kitabu cha meli ile asubuhi iliandikwa mistari michache: chombo cha uvuvi, hitilafu ya injini, msaada umetolewa. Kila neno ni la kweli.

Mwezi uliofuata ukaja Kismayu. Usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 wanajeshi walishuka ufukweni kutoka baharini, na kulipokucha Kanali Cyrus Oguna akawa redioni akiwaambia Wakenya. Hapa Gatuanyaga, naambiwa, watu walijaa kwa mama mmoja mwenye televisheni, na mama yangu akapewa kiti cha mbele kana kwamba mimi peke yangu ndiye niliyeuteka mji. Mimi kile ninachokumbuka zaidi kuhusu usiku ule ni ukimya kabla, na jinsi kila mtu alivyokunywa maji mengi bila kiu. Mengine yameandikwa na waliokuwa mbele kuliko mimi.

Nikapewa likizo Novemba. Nilishuka matatu kwenye barabara ya Garissa na begi moja, nikatembea kwa miguu. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, barabara ni matope mekundu. Binti yangu alikuwa na miezi kumi. Aliponiona alijificha kwenye shingo ya mamake, akalia mpaka akakohoa. Mke wangu akasema, "Si wiki chache tu?" halafu akacheka, halafu hakucheka tena.

Kwa pesa za mwaka ule nikaezeka mabati mapya, nikaweka mifereji na tenki ya lita 5,000. Mama alikuwa akiigonga kila asubuhi na kifundo cha kidole, kutoka chini kwenda juu, mpaka asikie sauti imebadilika, ndio ajue maji yamefika wapi. Majirani wakija kuomba mtungi mmoja, anawapa. Alikuwa anawaambia, "Hii ni ya bahari." Wageni walikuwa wanadhani nimeleta maji kutoka Mombasa. Alifariki 2017, tenki ikiwa nusu.

Mwaka mmoja baada ya Kismayu, kazi ilinipeleka Faza, kisiwa hichohicho cha Pate. Tulikaa saa tatu. Ningeweza kuuliza. Kisiwa si kikubwa, na mashua iliyopotea siku tatu watu hawaisahau. Nilibaki kwenye gati nikijifanya nakagua kamba. Nilijiambia sina jina lake. Nilijiambia walipewa mitungi miwili kwa robo moja, faida ni yao. Nilijiambia mengi. Kuna msemo wenzangu wa Pwani walinifundisha: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa naurudiarudia kama mzaha kwa miaka. Siku hizi nikiusikia naiona ile ngama, na maji yanavyoingia ndani yake.

Nimejiuliza kwa nini hilo ndilo lililobaki. Wenzangu walibeba mambo mazito kuliko hayo, wengine hawakurudi kuyabeba. Hakuna aliyekufa kwenye ile mashua. Lakini mimi nilikuwa najivunia kitu kimoja, kwamba najua maji ni nini. Nilikuwa nawacheka watoto wa mjini. Na siku niliyojaribiwa kwa kitu nilichokijua kuliko vyote, kwa mtungi uleule, mbele ya mtoto mwenye kiu ileile, nilikuwa na bunduki mgongoni na nikasahau kwa sekunde tano. Sikuwa na haja ya kuwa mtu mbaya. Kuogopa kulitosha.

Na neno lenyewe lilikuwa rahisi. Pole, mzee. Maneno mawili. Kikosi kizima kingesikia na hakuna ambaye angenicheka.

Jana jioni nilimwita binti yangu nikamwambia swali la saba nilijibu nusu. Nikamsimulia, si kwa urefu huu. Alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza akauliza, "Kwani hukumwambia pole?"

"Sikumwambia."

"Hata mlipowapea maji?"

"Hata hapo."

Akafikiria. Yeye amezaliwa na tenki, hajawahi kumfuata punda Athi, lakini mwaka wa 2022 mvua zilipokataa aliona tenki likilia tupu, na akaona nyanyake wa jirani akija na kikombe. Akasema, "Basi nimeshawasilisha ile kazi Jumatatu. Mwalimu alinipa alama nane." Akatafuna kalamu. "Lakini naweza kuandika ingine."

Nikamwambia hapana, hii nitaiandika mwenyewe.

Nimeiandika kwa simu, usiku, nikiwa nimekaa nje kando ya tenki. Sijui wasomaji wa huku kama wanafika Pate. Mzee huenda ameshaondoka. Lakini yule kijana sasa atakuwa na miaka ishirini na kitu, pengine ana simu, pengine ana mashua yake mwenyewe. Kama unaisoma, wewe uliyekinga viganja: kwetu hakuna maji mengi. Hakujawahi kuwa na maji mengi. Nilijua nilichokuwa ninamwaga. Pole sana.